Tuache Kudesa Udongo wa Watu Wengine

Wanachuo wenzangu, naanza kwa kukiri kosa. Mwaka jana nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo niliandika namba 0.2 kwenye karatasi ya mahesabu, na namba ile nilikuwa nimeidesa. Sikuidesa kwa jirani kama tunavyofanyaga kwenye testi. Niliidesa kwenye jedwali lililo mwishoni mwa kitabu, na kwa kuwa kitabu chenyewe kilikuwa cha heshima, hakuna aliyeniuliza swali.

Kwa wale wa fani nyingine nieleze kidogo. Mvua ikinyesha, sehemu ya maji inapenya kwenye udongo na sehemu inatiririka juu yake. Mtu anayejenga barabara, mtaro au bwawa anataka kujua hayo yatakayotiririka ni kiasi gani. Kwa lugha rahisi, 0.2 maana yake ni kwamba katika kila lita 10 za mvua, 2 zitakuja kugonga kalavati lako na 8 zitabaki huko juu. Ukisema 0.5, nusu ya mvua inakuja. Namba yenyewe ni ndogo, ila ndiyo inayoamua uweke bomba la ukubwa gani chini ya barabara.

Kazi yangu ilikuwa barabara ya changarawe katika kata ya Makere, wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Ndiko nyumbani pia. Kwa wasiopajua, ukitoka Kasulu mjini kuelekea Kibondo unapita Makere. Ni nchi ya vilima na udongo mwekundu, mahindi, maharage, mihogo na migomba. Mvua zinaanza Oktoba au Novemba na kwenda mpaka Aprili au Mei, halafu kiangazi. Sisi tulikwenda mwezi wa nane. Kila kitu kimekauka, mabua ya mahindi yamelala shambani, mbuzi wanazurura. Nilisimama barabarani, nikatazama juu mlimani, nikasema moyoni: shamba, mteremko wa wastani. Nikafungua jedwali, nikaandika 0.2. Sikupanda mlima. Jua lilikuwa kali, na gari la ofisi lilikuwa linatusubiri.

Likawekwa bomba moja la sentimita 60. Sidai kwamba namba ya mwanafunzi ndiyo iliyoamua peke yake, kwa sababu wakubwa walikuwepo na walisaini. Ofisi ile siitaji. Lakini namba ilikuwa kwenye ripoti kwa mwandiko wangu.

Nilirudi nyumbani Machi, likizo fupi. Maji yalikuwa yameshapita juu ya barabara mara mbili, yameng'oa changarawe, na upande wa chini yamechimba korongo katikati ya shamba la mzee mmoja jirani yetu. Mistari kama kumi na tano ya maharage haikuwepo tena. Nikaenda kumwamkia. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Hakunigombeza. Aliniambia tu: "Nyie watu wa vipimo mlipita hapa mwezi wa nane. Mlipima barabara. Shamba langu alipima nani?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike makala hii. Hoja yangu ni moja: sisi tunaosoma maji, barabara, kilimo, misitu na mazingira katika nchi hii tunahitimu bila kupima udongo tunaoutolea maamuzi. Tunachukua namba zilizozaliwa kwenye udongo wa watu wengine, tunazipachika kwenye vilima vyetu, na gharama analipa mtu ambaye hajawahi kuliona jedwali.

Tuangalie hizo namba zimezaliwa wapi. Kanuni ya kuzidisha kigawo cha mtiririko, ukali wa mvua na ukubwa wa eneo ilipata umaarufu baada ya mhandisi Emil Kuichling kuitumia mwaka 1889 kwa mitaro ya mji wa Rochester, New York. Njia ya pili tunayofundishwa, ile ya namba ya CN, ilitengenezwa na idara ya hifadhi ya udongo ya Marekani kwa vipimo vya mashamba ya Marekani. Ni kazi nzuri, na waliozifanya walipima kwao. Tatizo ni sisi kudhani kwamba walipima na kwetu.

Mtu atasema tofauti ya namba mbili tatu haiui. Tufanye hesabu basi. Tuseme eneo la juu ya kalavati ni hekta 10, na mvua inanyesha kwa ukali wa milimita 60 kwa saa. Kwa 0.2 unapata takribani lita 333 kwa sekunde. Kwa 0.5 unapata takribani lita 833. Bomba la sentimita 60 lililojaa litapitisha hizo lita 333 maji yakikimbia kama mita 1.2 kwa sekunde. Ili lipitishe lita 833, maji yanatakiwa yakimbie karibu mita 3 kwa sekunde. Yakishindwa yanajikusanya nyuma ya barabara, yanapanda, yanapita juu, na yakianguka upande wa pili yanachimba. Ndicho kilichotokea kwa mzee.

Njia ya CN ndiyo inatisha zaidi. Chukua mvua ya milimita 50. Ukiweka CN ya 60, mtiririko unatoka milimita 1.4. Ukiweka 80, unatoka milimita 13.8. Mvua ni ileile na kilima ni kilekile, wewe umehama mistari michache tu kwenye jedwali, lakini maji yameongezeka karibu mara kumi. Kwenye hekta 10 hiyo ni tofauti ya mita za ujazo 140 na 1,380. Halafu kwenye mtihani tunakatwa alama kwa kukosea desimali ya tatu!

Sasa, udongo unaamuaje unywe kiasi gani? Robert Horton alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1933. Udongo uliokauka hunywa haraka mwanzoni, kisha kasi inapungua, mpaka inafika mahali inatulia. Mvua ikiwa kali kuliko kasi hiyo, kinachozidi kinatiririka. Kasi yenyewe inategemea matundu yaliyomo ardhini: njia za mizizi iliyooza, vishimo vya mchwa na minyoo, nafasi kati ya chembechembe. Udongo ukiwa mtupu, matone ya mvua yanapiga mabonge, yanayavunja, na vumbi lake linaziba yale matundu. Ndiyo ule ukoko tunaouona shambani siku moja baada ya mvua kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo madesa yetu hayasemi. Jedwali linakuambia udongo wa mfinyanzi haupitishi maji, kwa hiyo upe namba kubwa. Lakini udongo mwekundu wa vilimani kama wa kwetu unaweza kuwa na mfinyanzi mwingi na bado ukanywa maji kama mchanga, kwa sababu chembe zake zimeshikamana kwa madini ya chuma zikawa punje punje, na maji yanapita katikati. Ukanyage udongo huohuo kwa miguu ya ng'ombe na magurudumu ya bodaboda miaka mitano, punje zinasagika na maji yanagoma. Kwa hiyo jedwali linaweza kukudanganya pande zote mbili. Shambani linakutisha bure, njiani linakupumbaza.

Siku ile baada ya kutoka kwa mzee nilipanda kilima ambacho Agosti nilikitazama tu kwa chini. Kumbe kuna mambo. Kuna njia pana ya mifugo inayoshuka moja kwa moja kama mfereji. Kuna nyua zilizofagiliwa mpaka zinang'aa, na paa za bati za kutosha. Mtaro wa barabara yenyewe unaleta maji ya kilima cha jirani ambacho sikukihesabu kabisa. Nikachukua kopo la rangi la lita 4, nikalitoa kitako, nikalididimiza ardhini kama sentimita 5 katika sehemu tatu, nikamimina maji na kushika saa.

Shambani, kati ya matuta, maji yalishuka taratibu lakini yalishuka. Kwenye kichaka kando ya makaburi, ambako hakuna anayekata mti wala kulima, yaliisha kabla sijamaliza kuandika dakika, ikabidi nimtume mdogo wangu arudi kisimani. Kwenye njia ya mifugo nilimimina, nikakaa, nikamenya muwa, nikaumaliza, na maji yalikuwa bado yananitazama. Sehemu hizo tatu ziko kwenye kilima kimoja, unazizungukia ndani ya dakika kumi kwa miguu. Mimi zote nilikuwa nimezipa 0.2.

Wala hili si jambo geni kwa Tanzania. Miaka ya 1930 huko Mpwapwa, mtafiti R. R. Staples aliweka vipande vya ardhi kwenye mteremko mmoja na kukusanya maji yaliyotoka kila kimoja. Kwenye udongo mtupu karibu nusu ya mvua ilitiririka. Kwenye shamba la nafaka ilikuwa karibu robo. Kwenye nyasi haikufika asilimia 2, na kwenye kichaka kisicholishiwa mifugo haikufika hata asilimia 1. Ni mvua moja na mteremko mmoja. Utafiti huu ni wa nchini kwetu na una umri wa kama miaka 90, lakini nimefika mwaka wa tatu bila kuusikia darasani hata siku moja. Nimekutana nao maktaba, nikitafuta kitu kingine.

Miaka ya 1950 na 1960 watafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, wakiwa na Charles Pereira, walipima mabonde madogo Kenya, Uganda na Tanganyika. Mbeya walilinganisha bonde lenye msitu na bonde lililolimwa kwenye mteremko mkali. Wengi wangetarajia mafuriko kutoka kwenye shamba. Hayakuja, kwa sababu udongo wa kule ni majivu ya volkano na unakunywa maji vizuri hata ukilimwa. Atumatak, Karamoja, kwenye malisho yaliyochoka na udongo ulioziba, mvua kubwa ziliporomoka juu ya ardhi. Ungebeba namba ya Mbeya ukaipeleka Karamoja, ungezamisha watu. Ungebeba ya Karamoja ukaipeleka Mbeya, ungejenga daraja pa kuweka bomba. Na hata modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki iliyotolewa mwaka 1976 na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, ambayo wahandisi wetu wanaitumia mpaka leo, ilitokana na vipimo vya mabonde madogo ya Kenya na Uganda. Makere haikuwemo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, maana si kalavati peke yake. Pale kijijini nilikuta watu wameshapata mkosaji. Katika kata yetu ya Makere ndimo ilimo kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea ndugu zetu waliokimbia vita Kongo, na tangu 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu. Ni kambi iliyobeba zaidi ya watu 100,000. Kwa hiyo korongo likitokea popote, jibu ni jepesi: wakimbizi wamemaliza miti. Nililisikia kwenye kikao, nikalisikia tena dukani.

Sisemi kuni hazikukatwa. Watu wengi hivyo wakipika kila siku, miti inapungua, na kila mtu wa Kasulu anaona kwa macho. Lakini maji yaliyochimba shamba la mzee yalishuka kilima ambacho hakina kambi. Yalitoka kwenye njia zetu, nyua zetu, bati zetu, na mtaro wa barabara tuliyoijenga wenyewe. Maji hayabebi kitambulisho, ila ukipima unaweza kujua yametoka wapi. Usipopima, anayebeba lawama ni yule asiye na mtu wa kumsemea kikaoni. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kutosha ya mwanafunzi kubeba kopo lake la rangi.

Najua mtakayonijibu. La kwanza: kopo si kifaa cha kihandisi. Kweli. Pete mbili za chuma za maabara zina upana wa sentimita 30 na 60, na kopo langu ni dogo, maji yanatorokea pembeni na kipimo kinakuwa kikubwa kuliko ukweli. Ukizungushia ndoo ya lita 20 iliyokatwa kitako na kuijaza maji pia, unapunguza tatizo. Hulimalizi. Pia kopo halina matone ya kupiga udongo, kwa hiyo halikuonyeshi ukoko unaotokana na mvua. Ndiyo maana sisemi tujenge daraja kwa namba ya kopo. Nasema kopo lingeniambia mapema kwamba njia ile na kichaka kile haviwezi kupewa namba moja, na hilo peke yake lingenipandisha mlima.

La pili: udongo unabadilika kila hatua tatu, kipimo kimoja hakina maana. Sawa kabisa, na ndiyo sababu mtu mmoja hatoshi. Hivi sisi tuko wangapi tunaotawanyika kila mwaka Julai, kuanzia Kibondo mpaka Newala? Kila mmoja akipima sehemu tatu tu, shamba, njia na mahali penye nyasi au miti, akarudia mara tatu kila sehemu, akaandika mahali kwa simu yake, aina ya udongo, tarehe, na kama ulikuwa umelowa au mkavu, baada ya miaka mitatu chuo hiki kitakuwa na kitu ambacho hakimo kwenye jedwali lolote. Tarehe ni muhimu sana, maana udongo wa Novemba bado una kiu, na wa Machi umeshiba. Mimi nilikwenda Agosti, nikabuni kitu cha Machi.

La tatu, na hili nalisikia sana: bumu halitoshi hata kula, unatuletea mambo ya makopo. Ndugu zangu, kopo la rangi unaliomba kwa fundi yeyote. Rula unayo, saa iko kwenye simu, na maji mdogo wako atachota. Kinachotakiwa ni saa moja na nusu kwa kila sehemu, tena nyingi ya hiyo ni kukaa na kusubiri.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Idara zetu zisipokee mradi wa mwaka wa mwisho unaotumia kigawo cha mtiririko bila hata kipimo kimoja kutoka kwenye eneo lenyewe. Tukidisko kwa hilo, tutakuwa tumedisko kwa haki. Serikali yetu ya wanafunzi ifungue daftari moja la vipimo vya udongo, la wazi, ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atalikuta na kuongeza mstari wake. Na vipimo hivyo visifungiwe kabatini. Vipelekwe TARURA, halmashauri na bodi za maji za mabonde, na kwa upande wetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, maana maji ya vilima vya Makere safari yake ni Malagarasi na kisha ziwani. Wavitumie au wasivitumie, angalau hakuna atakayesema havipo.

Kwa mzee bado nina deni. Mwezi wa tano tulichimba makingamaji mawili juu ya shamba lake, mimi, wadogo zangu na wajukuu zake, tukapanda mabingobingo kwenye kingo. Njia ya mifugo tumeomba kijiji iipindishe isishuke wima, na jambo hilo bado linajadiliwa. Bomba lile la sentimita 60 bado lipo. Mvua za kwanza zikianza nitakuwa chuoni, kwa hiyo kopo nimemwachia mdogo wangu yuko kidato cha pili, nimemwonyesha jinsi ya kushika saa. Juzi amenitumia ujumbe kuuliza kama kwenye njia anaruhusiwa kula muwa wakati anasubiri. Nimemjibu ale, ila aandike dakika.